Usaili wa Uani

Siku Mfaume alipoondoka, miche sitini ya maembe ilikuwa imekwisha kukatwa vichwa, inangoja vikonyo, vile vijiti vya mwembe mzuri vinavyopachikwa juu yake. Ilikuwa Jumatatu ya mwanzo wa mwezi wa pili, yapata saa nne asubuhi, uani kwao Msimbu. Mfaume alikuwa anakata na mkewe Salama anafunga, kama walivyozoea kwa miaka ishirini na miwili. Akasema mkono wa kulia umekufa ganzi. Salama, bila kuinua macho kutoka kwenye mkanda wa plastiki aliokuwa akiuzungusha, akamwambia aukunje na kuukunjua. Mfaume akaukunjua, kisu kikamtoka, naye akakifuata chini taratibu, kama mtu anayeinama kukiokota.

Jirani alitoa bajaji yake. Hospitalini walisema ni kiharusi, wakafanya waliyoweza, na kabla ya alasiri Mfaume akawa marehemu. Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri wakamzika. Ile miche sitini ilikauka palepale ilipokuwa, kwa kuwa katika watu wote waliojaa uani siku zile hakuna aliyejua kwamba mche uliokatwa kichwa haungojei msiba uishe. Aliyejua alikuwa ndani, amekalishwa mkekani.

Biasha, dada mkubwa wa Mfaume, alikuja kutoka Maneromango na begi moja la nguo na jingine la muhogo mkavu. Akasema atakaa na wifi yake mpaka atoke eda. Miezi minne na siku kumi Salama asingevuka ua wa nyumba yake bila jambo kubwa, asingejipamba, wala asingeketi kuzungumza na wanaume wasio ndugu. Biasha hakuhitaji kuambiwa kwamba kazi ya kuyalinda hayo yote ni yake. Aliweka kigoda chake karibu na njia ya kuingilia, na kila aliyepita kutoa pole alipita kwanza kwa Biasha.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Tunu, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Alifanya kazi kwenye duka la stesheneri Kisarawe mjini, akirudi nyumbani kila jioni. Kazi yake kubwa pale dukani ilikuwa kuwachapia watu CV. Walikuja walimu wasio na ajira, madereva, walinzi, vijana waliomaliza chuo cha ufundi cha veta. Tunu aliwapanga vizuri mmoja mmoja, akawaondolea yasiyo na maana, na wale wenye simu nzuri akawafungulia na ukurasa wa LinkedIn, kule mtandaoni ambako waajiri hupita wakitazama nani anajua nini.

Miaka miwili kabla ya msiba alimfungulia na baba yake. Mradi uliokuwa ukinunua miche yao ulikuwa umefika mwisho, na Tunu akamwambia baba yake atafute kazi ya mshahara. Mfaume alicheka, lakini alivaa koti akapigwa picha. Tunu akaandika: Mfaume Pazi, mtaalamu wa kubebesha miche ya matunda, uzoefu wa miaka ishirini, kati ya miche mia inashika tisini. Kwa miaka miwili hakuna aliyeuliza. Mfaume akawa anamtania binti yake kwamba waajiri wake wanapita usiku amelala.

Ujumbe ulikuja mwishoni mwa mwezi wa nne, Mfaume ana majuma kumi na mawili kaburini.

Tunu alirudi jioni ile akiwa ameshika simu mkononi badala ya kuiweka mkobani. Akamkuta mama yake anamwagilia kitalu na shangazi yake anachambua mchicha.

"Mama, kuna mtu amemwandikia baba."

"Baba yupi?"

"Baba. Kule kwenye ukurasa wake."

Salama akaweka ndoo chini. Tunu akasoma kwa sauti. Aliyeandika alijitaja kuwa Atupele, meneja wa shamba moja la miche huko Soga, upande wa Kibaha. Alisema wanazalisha miche ya maembe na machungwa kwa wingi, lakini inayoshika ni michache, naye anamtafuta mtu mwenye mkono mzuri wa kubebesha. Amesoma maelezo ya Bwana Mfaume, je, yuko tayari kuja kuzungumza?

Biasha akasema, "Miaka miwili walikuwa wapi?" na akaendelea kuchambua mchicha.

"Nitamjibu kwamba amefariki," Tunu akasema.

"Mjibu hivyo," Salama akasema. Akaishika tena ndoo, akaiacha. "Halafu mwambie kwamba aliyekuwa akifunga yupo."

Tunu akamtazama.

"Kwani nimesema nini? Kubebesha ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapasua mche na kuchonga kikonyo, mwingine anakikalisha na kukifunga. Kisipofungwa vizuri hewa inaingia, kinakauka. Baba yako mwenyewe alikuwa anawaambia wateja, mimi nakata tu, mwenye kuponya ni Mama Tunu. Alisema, hakusema?"

"Alisema."

"Basi."

Ukweli ni kwamba Salama alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla ya ujumbe ule kuja, katika siku zile ndefu za eda ambazo mikono yake haikuwa na kazi zaidi ya ndoo na ufagio. Watu waliokuja kumpa pole wote walisema jambo moja. Walisema fundi ameondoka, sasa kitalu ndiyo basi. Wengine walimshauri auze ile miche iliyobaki. Walisema kwa huruma, naye aliwaitikia kwa adabu. Lakini kila walipoondoka alijikuta akizungusha vidole hewani, kama anafunga. Hakuwa na haja ya kusifiwa. Alitaka tu mtu mmoja anayeijua kazi, asiye ndugu wala jirani, aitazame mikono yake na kusema kama ni ya fundi au si ya fundi.

Usiku ule Tunu alimjibu Atupele. Asubuhi jibu likawa limeshafika: pole nyingi, kisha swali. Huyo mama ana CV?

Jumapili Tunu hakwenda dukani. Waliketi barazani, Tunu na kompyuta mpakato ya kuazima, Salama kando yake, Biasha kwenye kigoda chake akijifanya hasikilizi.

"Shortikati ipo," Tunu akasema. "Ukurasa wa baba una watu mia tatu wanaoufuata. Nikibadilisha jina tu na kutoa picha, unakuwa wako. Kazi ni ileile, miaka ileile."

"Hapana."

"Mama, kuanza upya ni kazi. Mtu akiona ukurasa hauna watu..."

"Ule ni wa baba yako. Watu wanampongeza mpaka leo."

Ilikuwa kweli. Mwezi wa tatu, katikati ya Ramadhani, mtandao wenyewe uliwakumbusha watu kwamba Bwana Mfaume ametimiza mwaka mwingine kazini, na watu wawili wakampa hongera. Tunu alilia dukani mbele ya mteja, kisha akacheka, kisha akamalizia kuchapa barua ya mteja.

"Kwenye picha yake," Salama akauliza, "kuna ule mduara wa kijani. Ule ni wa nini?"

"Unaonyesha anatafuta kazi."

"Utoe. Hatafuti tena."

Tunu akautoa. Picha ikabaki na koti lake tu.

Wakaanza CV mpya. Jina, mahali, umri. Elimu: darasa la saba. Tunu vidole vyake vilikimbia kama alivyozoea, na Salama alipoomba asomewe, akasikia: kutoka mwaka elfu mbili na tatu hadi sasa, mama wa nyumbani na msaidizi wa kitalu cha familia.

"Msaidizi wa nani?"

"Wa baba."

"Na yeye alikuwa akinisaidia mimi."

"Mama, hayo ni maneno ya kwenye CV tu. Kila mtu anaandika hivyo."

"Kila mtu nani? Wewe ndiye unayewaandikia."

Biasha akacheka peke yake pale kwenye kigoda. Tunu akafuta. Akaandika: mtaalamu wa kubebesha miche ya matunda. Salama akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Jina hilo lilimkaa vizuri, lakini lilimkaa kama kiatu kipya, mahali fulani linabana. Kukata alikuwa amekata, siku Mfaume akiwa na homa au amekwenda kijiji cha pili kuchuma vikonyo. Siku kama hizo zilikuwa chache. Hakusema kitu, na CV ikaendelea.

"Wadhamini watatu," Tunu akasema.

"Niandike mimi," Biasha akasema.

"Ndugu haruhusiwi, shangazi."

"Kwa nini? Asiye ndugu anamjua wapi? Mimi nimekaa naye miezi mitatu chumba kimoja. Najua mpaka anavyokoroma."

"Wanataka mtu wa kumsifu."

"Nitamsifu. Si sana."

Wakamwandika Mwalimu Castory, mstaafu wa Maneromango aliyewahi kununua kwao michungwa mia mbili, na bwana shamba wa kata, na mama mmoja mwenye bustani Mlandizi. Ikabaki picha ya ukurasa. Tunu alitaka mama yake avae gauni lake la bluu. Salama hakuhitaji kujibu, Biasha alijibu kwa niaba yake: mwenye eda hapigwi picha za mapambo. Basi Tunu akapiga picha ya mikono. Mikono miwili ya mwanamke, inazungusha mkanda kwenye shina la mche mwembamba, na nyuma yake upindo wa nguo nyeupe ya eda. Uso haukuonekana. Tunu alisema kwenye ukurasa wa namna ile hajawahi kuona picha kama hiyo, na hakusema kama ni jambo zuri au baya.

Siku ya tatu baada ya kutumiwa CV, Atupele akajibu. Usaili utakuwa Soga, Jumatano tarehe kumi na nne mwezi wa tano, saa tatu asubuhi.

Salama akahesabu kwa vidole. Eda yake ilikuwa inaisha mwezi wa sita, siku chache baada ya Idi ya kuchinja.

"Mwambie niko eda. Natoka Alhamisi ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita."

"Hawaandiki hivyo, mama. Nitaandika una dharura ya kifamilia."

"Dharura ni jambo la ghafla. Hili si la ghafla, lina tarehe. Andika eda."

"Huyu dada ni mtu wa bara, pengine hata hajui eda ni nini."

"Atauliza."

"Na asipouliza? Akimchukua mtu mwingine?"

Salama alikuwa ameshalipima hilo. Shehe mmoja alikuwa amewaambia kwamba mjane mwenye shida ya riziki anaweza kutoka mchana na kurudi, na Biasha, kwa shingo upande, alikiri kwamba na yeye amewahi kulisikia. Lakini chakula kilikuwepo, na Tunu alikuwa na kazi. Salama alijua kwamba asingekuwa anatoka kwa shida ya riziki. Angekuwa anatoka kwa sababu anatamani. Mfaume aliyekaa naye miaka ishirini na minne bila kumwinulia sauti alistahili hizo siku zilizobaki.

"Akimchukua mwingine, amemchukua," akasema. Lakini usiku ule hakula vizuri, na Biasha aliona.

Atupele aliuliza. Hakuandika, alipiga simu kabisa, kesho yake saa kumi jioni, Tunu hajarudi. Salama akapokea namba asiyoijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Atupele, wa shamba la miche la Soga. Pole sana na msiba."

"Tumeshapoa, ahsante."

"Nani huyo? Mwanamume?" Biasha akauliza kutoka kwenye kigoda.

"Mwanamke, wifi. Samahani, mwanangu, endelea."

"Nimesoma hapa kwamba uko eda," Atupele akasema. "Mimi kwetu Mbeya, ni Mkristo, sipendi nikosee. Ndiyo kusema huwezi kutoka kabisa? Hata mlangoni?"

"Mlangoni natoka. Uani nashinda. Nje ya ua ndiyo siendi mpaka siku zitimie."

"Na ukiwa ndani ya ua, kazi unaruhusiwa?"

"Kazi gani ya kunikataza? Napika, nafagia, namwagilia kitalu."

"Kitalu kiko wapi?"

"Kiko hukuhuku uani."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa upande wa pili.

"Mama, wageni wanawake unapokea?"

"Napokea."

"Basi nitakuja mimi. Nikuletee miche mia na vikonyo vyake, ubebeshe mbele yangu. Halafu tunaiacha hapo kwako wiki nne, tuone. Maana hata ungekuja Soga, maneno yangenisaidia nini? Nina watu sita walioongea vizuri sana kwenye usaili."

Alikuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba, na pikapu ya shamba, na dereva mtu mzima aitwaye Telesphory. Biasha alikuwa amesimama njiani tangu saa mbili.

"Wewe baba, mwisho wako hapo kwenye ua wa minyaa," akamwambia dereva. "Humu kuna mwenye eda."

"Hakuna shida, mama. Miche nishushe wapi?"

"Hapohapo. Sisi tuna mikono. Utaletewa machungwa."

Wanawake watatu wakaihamisha miche mia moja kutoka kwenye minyaa hadi uani, na Tunu wa nne, aliyeomba ruhusa dukani. Atupele alikuwa msichana mnene wa miaka thelathini hivi, buti za mpira miguuni, daftari kwenye mfuko wa suruali. Biasha aliitazama ile suruali, akaamua kwamba leo hana neno. Vikonyo, pamoja na vya akiba, vilikuja vimeviringishwa kwenye gunia bichi. Salama akavigusa kimoja kimoja, viwili akavitupa pembeni.

"Hivi vizee," akasema.

Atupele akaandika kitu.

Salama akakaa kwenye mkeka, akachukua kisu cha Mfaume. Mpini ulikuwa umelika pale dole gumba la Mfaume lilipokaa, na dole lake yeye lilikuwa dogo, likawa linaelea katika shimo la dole jingine. Mche wa kwanza akaupasua kombo. Wa pili ukaenda sawa. Wa tatu akachonga kikonyo, upande mmoja ukawa mnene. Alipofika wa saba jasho lilikuwa linamtoka na jua lilikuwa bado la asubuhi. Akauweka mche chini.

"Mwanangu, nisikufiche," akasema. "Kwenye CV kumeandikwa kubebesha. Si uongo, lakini si yote. Aliyekuwa anakata ni marehemu. Mimi nilikuwa nafunga. Kukata najua, ila mkono wangu haujazoea."

Tunu alitazama chini. Yeye ndiye aliyeandika.

"Nimeona tangu wa kwanza," Atupele akasema. Hakuonyesha kukasirika wala kufurahi. "Unataka tuache?"

"Nani kasema tuache? Nimekuambia ili ujue unachokiangalia."

"Basi endelea, mama. Nitaipa namba kwa kadiri unavyoifunga."

Aliendelea. Kila mche aliomaliza Atupele aliupachika kijikaratasi chenye namba. Alipoanza kufunga, mikono ya Salama ilikuwa ya mtu mwingine. Mkanda ulipita chini ya pasuo, ukapanda, ukabana, ukafika juu, ukajikaza wenyewe kwa ncha, na kifuko chembamba kikashuka juu ya kikonyo kama kofia ya mtoto mchanga. Yote hayo yalikwisha kabla Tunu hajamaliza kumenya chungwa. Kufikia mche wa hamsini, kisu nacho kilianza kutii. Aligundua kwamba akikishika mbele kidogo, akiliacha lile shimo la dole la Mfaume, hakiyumbi.

Adhuhuri wakapumzika, wakala wali na mchicha. Atupele akamgeukia Biasha, daftari mkononi.

"Na wewe mama, unamfahamu vipi?"

"Mke wa mdogo wangu. Ila nimeambiwa mimi siruhusiwi kusema."

"Mimi nakuruhusu."

Biasha akafikiri kwa dhati. "Ana hasira za kimyakimya. Ukizidisha chumvi hasemi, atakunywa maji mpaka ujue mwenyewe. Na hasikii ushauri. Lakini kitu akishakifunga yeye, kimefungwa. Juzi nilishindwa kufungua mfuko wa unga, nikangoja mpaka amemaliza sala."

Atupele akaandika yote. Tunu alichungulia akaona kwamba ameyaandika kweli, mpaka la unga.

Mche wa mia ulifungwa alasiri inaadhiniwa. Kule nje Telesphory alikuwa amekula machungwa kumi na moja na kulala kwenye kiti cha gari.

"Nikirudi, nahesabu," Atupele akasema. "Iliyoshika tu. Sitaki shukrani wala machozi, nahesabu."

"Hesabu," Salama akasema.

Wiki nne zile zilipita haraka kuliko zote za eda. Asubuhi Salama alikuwa kwenye kivuli cha makuti alikoipanga ile miche kabla hata ya kupiga mswaki. Hakuigusa, maana mche uliobebeshwa ukiguswaguswa hukasirika. Aliichungulia tu kupitia vifuko. Wiki ya pili vikonyo kadhaa vikawa vyeusi, akahuzunika. Wiki ya tatu namba sitini na nne ikatoa jani moja jekundu, dogo kama ulimi wa paka, akamwita Biasha aje aone. Biasha akaja, akaona, akasema kwao Maneromango maembe yanajiotea yenyewe. Lakini asubuhi iliyofuata Salama alimkuta Biasha kwenye kivuli, ameinama, anahesabu kwa kidole.

Alhamisi Salama akatoka eda. Wanawake wa jirani walikuja alfajiri wakamwogesha, ile nguo nyeupe ikavuliwa ikatolewa, akasomewa dua. Akavaa gauni la bluu. Wakamtoa hadi nje ya minyaa, akatembea nao hadi kaburini, akakaa hapo kwa muda alioutaka, hakuna aliyemharakisha. Alimweleza Mfaume habari za ile miche. Alimwambia pia kwamba mpini wa kisu chake umemtesa.

Jumamosi Atupele akaja. Safari hii Telesphory aliruhusiwa kuingia, na akafika akinyoosha miguu, akamwamkia Biasha kwa heshima zote.

Atupele alihesabu mara mbili. Iliyoshika aliipanga kushoto, iliyokufa kulia. Kushoto ilikuwa sabini na sita.

Salama alijua ile namba ni nini. Mfaume kwa siku mbaya alikuwa anapata themanini na tano.

"Kaa, mama," Atupele akasema. Akachukua wembe, akaanza kufungua miche iliyokufa, mmoja mmoja, ishirini na minne yote. Alifungua polepole, akichungulia kila kidonda.

"Njoo uone," akasema hatimaye. "Huu, pasuo limekwenda kombo. Huu pia. Huu kikonyo kimechongwa kinene. Kwa hesabu yangu ishirini na mmoja ni kisu. Miwili vikonyo vyenyewe vilikuwa vimeshaoza ndani, hilo kosa letu. Huu mmoja sielewi."

"Na kufunga?"

"Hakuna uliolegea. Katika mia, hakuna hata mmoja. Na tazama namba: ya kwanza ishirini imekufa kumi na miwili. Ya mwisho thelathini umekufa mmoja." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mama, wakataji ninao sita. Vijana, wanakata kama mashine, nimesimama nao nimeangalia, mapasuo yao mazuri kuliko yako. Na inashika hamsini na kitu kwa mia. Miezi minane nimebadilisha udongo, nimebadilisha maji, nimebadilisha mpaka vikonyo. Sikuwahi kufikiria mkanda, kwa sababu kila mtu alidhani kufunga ni kazi ya msaidizi."

Salama alitazama ile miche iliyolala kulia, mikanda yake imefunguliwa.

"Hii ni kazi ya fundi?" akauliza. "Sikuulizi kwa ajili ya kazi. Nakuuliza tu."

"Ni ya fundi," Atupele akasema. "Nataka uje uwafundishe hao vijana kufunga upya. Miezi mitatu ya majaribio, halafu mkataba. Jumatatu ijayo ukiwa tayari."

"Na kukata niache?"

"Kwa nini uache? Mkono si umeshaanza kufunguka?"

"Basi nitakuja."

Biasha akasema, "Mimi nilishasema habari ya ule unga," akaenda kutafuta machungwa ya Telesphory.

Jioni Tunu akafungua kompyuta. CV ilikuwa na kosa na yeye ndiye mwenye kosa, kwa hiyo alikaa nayo mpaka ikanyooka. Juu kabisa, mahali pa ujuzi, akaweka kufunga na kutunza miche iliyobebeshwa, miaka ishirini na miwili. Chini yake akaweka kukata na kuchonga vikonyo, anaendelea kujifunza. Akamsomea mama yake. Salama akasema sasa imekaa. Picha ya ukurasa akakataa ibadilishwe, ingawa gauni la bluu lilikuwa mwilini.

Salama amepanga chumba Soga, si mbali na stesheni ya treni ya umeme. Jumatatu hadi Ijumaa yuko shambani saa moja asubuhi, na Jumamosi hurudi Msimbu. Biasha hajarudi Maneromango. Kitalu cha uani anamwagilia yeye.